Figa la Tatu

Mjini Hamilton, nyuma ya mtaa wa Barton,
nguzo ya umeme inanipa nyaya mbili
nami nina mashine inayodai tatu.

Mashine ya kukereza, ratili elfu mbili na ushei.
Orest Hnatiuk aliniuzia karakana yake ilipofungwa.
Tuliiviringisha juu ya mabomba sita
kutoka lorini hadi gereji, Jumapili nzima,
yeye akilaani kwa Kiukreni, mimi kwa Kizigua,
na chuma, kama kawaida ya chuma,
kikitusikia sote na kutotii yeyote.

Figa moja haliinjiki chungu, tunasema.
Mawili nayo? Chungu kinalala ubavu.
Basi nikanunua mota kwa muuza vyuma chakavu,
nguvu za farasi saba na nusu,
nikaikaza kwenye ubao wa mwaloni.
Haivuti mkanda, haisukumi pampu,
kazi yake kuzunguka tu,
na katika kuzunguka inanizalia waya wa tatu.

Ila mwana wa gerejini hana adabu.
Napima. A na B: mia mbili arobaini na moja,
tuli, kama maji ya mtungini.
A na C: mia mbili sabini.
B na C: mia mbili na tisa.
Figa refu, figa fupi,
injika hapo uone mchuzi ukinywewa na majivu.

Nazima. Nangoja. Kapasita ana kinyongo:
umeme umekatwa, yeye bado kauweka moyoni.
Namgusisha resista, nahesabu hadi thelathini,
nampima tena, sifuri,
ndipo napeleka kidole.
Korogwe, kiwandani kwa mkonge,
Mbwana Shekue aliisahau hiyo sifuri.
Aliinuka akicheka. Kisha wiki nzima hakucheka.

Napunguza mikrofaradi thelathini upande wa A,
naongeza ishirini upande wa B.
Nawasha. Taa za nyumba zinakonyeza,
na juu yangu Sikudhani, aliyetoka zamu ya usiku hospitalini,
anagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili.
Mara mbili ni: nimelala.
Mara tatu ni: nakuja huko huko.

Zima, toa, tia, washa.
Saa saba mchana namba zote tatu zimebanana
kama kondoo kwenye baridi.
Nikampigia Orest.

Akaja na theluji mabegani
na shafti ya mashine yake ya kusukumia theluji, imelika.
Akaitazama mita yangu bila neno.
"Haya," akasema. "Sasa kata chuma."

Nikakata. Kisu kilipozama
waya wa tatu ukapiga magoti:
mia mbili ishirini na sita, kumi na nane,
sauti ya mashine ikawa ya mtu anayebeba gunia akijibu salamu.
Asubuhi nzima nilikuwa nimepima
mashine isiyofanya kazi.

Ningeijua hiyo. Miaka tisa nchi hii,
mimi wa mchana, yeye wa usiku,
tunapishana mlangoni na kikombe kimoja cha chai,
tukisema tumelingana, hatugombani.
Nani alitupima tukiwa na mzigo?

Kisigino kikagonga. Mara tatu.
Akashuka na khanga juu ya sweta, macho mekundu,
akamtazama Orest, akaitazama shafti,
akachukua mita mkononi mwangu.
"Wewe kata. Mimi nasoma."
Akasoma kwa sauti, Orest akirudia
"thelathini na tano" kwa ulimi wa Kiev,
mimi nikitoa kisu, nikizima, nikingoja ile sifuri,
nikiongeza kapasita moja kavu kama ndizi ya jana.

Sasa ikizunguka tupu inapita kidogo,
hamsini na mbili, arobaini na tisa.
Ikikata, inakaa.
Utepe wa chuma ukajikunja, buluu, ukimoshi,
ukaangukia ndani ya kiatu cha Orest, akaruka.

Bado kuna volti nne za tofauti.
"Ziondoe," anasema Orest.
Sikudhani ameshakalia ndoo, anapiga miayo, mita mapajani.
"Ziache," anasema.